Nilimpima Mwalimu kwa Mizani ya Kahawa

Mpendwa mshauri Mama Medius, naomba msaada, na usishtuke, si ya mapenzi, mimi ni mtu wa miaka sabini na tatu, mapenzi mengine niliyamaliza na mengine yalinimaliza, huwa nakusikiliza redioni kila Jumatano nikiwa dukani, ukiwakaripia waume za watu nacheka mpaka wateja wananitazama, nasema huyu mama ana mdomo, sasa leo nimeleta kichwa changu mwenyewe ukichape, ila chapa polepole maana nywele hazipo. Mwandiko usinicheke. Shule niliiacha darasa la tano, mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na miguu.

Jina langu usilitaje, ingawa haitasaidia, maana hapa Bwera yote mtu mwenye mizani ya sahani mbili ni mimi peke yangu, wengine wote wananing'iniza magunia kwenye ndoano kama nyama ya sikukuu. Mimi nanunua kahawa sokoni Mpondwe, karibu na mpaka, ile iliyokaushwa na maganda yake tunayoiita kiboko, sasa ni miaka thelathini na kitu. Ndoano ninayo pia, ya magunia. Lakini ile ya sahani iliachwa na marehemu baba, aliyepimia chumvi, na mimi naiweka juu ya meza, naipangusa kila asubuhi, watu wakiiona wanaamini duka. Kumbuka hiyo mizani, Mama, ndiyo imeniletea haya.

Nina mjukuu anaitwa Jolly. Mama yake yuko Kampala, mtoto nimemlea mimi tangu anabebwa, sasa yuko kidato cha tano katika shule ambayo sitaitaja, na mimi ni mwakilishi wa wazazi kwenye kamati ya shule hiyo, si kwa sababu ya elimu, ni kwa sababu nilitoa matofali. Mwaka huu wakaletewa mwalimu mpya wa uchumi, binti anaitwa Yvette. Wazazi wake ni watu wa Butembo, upande wa Kongo, waliovuka wakati wa vita, mama yake, Mbambu, anauza mafuta ya mawese mbele ya duka langu kabisa, na huyu binti amesomea Kasese hapa hapa mpaka akamaliza chuo. Mshahara wake unatoka kwa sisi wazazi, serikali haimjui, kwa hiyo wazazi tukisema aende, anaenda.

Aliyekuwa anafundisha kabla yake alikuwa mzee mwenzangu. Anaingia na daftari lake la njano, anasoma, watoto wanaandika, kengele inalia, anafunga. Na watoto walipasi, nisimsingizie. Huyu Yvette siku ya kwanza aliingia na vitunguu viwili. Akasema hiki nimenunua Mpondwe na hiki nimenunua Kasese mjini, vinafanana kama mapacha, bei si moja, kwa nini? Mtoto mmoja akasimama akasema, "Demandi na saplai, madamu." Akamjibu, "Hilo ni jina. Mimi nimeuliza sababu." Jolly alinisimulia hayo huku anacheka, na mimi nilicheka, nikasema huyu hatamaliza muhula.

Notsi hasomi. Anaandika ubaoni maswali matatu tu, tangu siku ya kwanza hajayafuta: Nani anasema? Amejuaje? Nani anafaidika? Kabla ya siku ya soko kila mtoto anaandika bei ya kitu fulani itakwenda wapi na kwa nini, siku ya soko wanakwenda kuona kwa macho, halafu wanarudi kuandika ukurasa mmoja wenye mafungu matatu, Nilidhani, Nimeona, Nimekosea wapi. Na maksi nyingi, Mama, sikia wazimu huu, anapewa aliyekosea akajua amekosea wapi, aliyebahatisha anapewa kidogo. Tena analigawa darasa makundi mawili, hawa wanatetea mahindi yasivuke mpaka, hawa wanapinga, wiki inayofuata anawabadilisha, na mtoto anatakiwa apinge alichokitetea, kwa moto ule ule. Nyumbani kwangu hapakukalika. Nikisema mvua itanyesha, Jolly anasema, "Umejuaje, Babu?" Nasema goti linaniuma. "Na wiki iliyopita liliuma, mvua ilikuja?" Nikisema marehemu bibi yako alikuwa mzuri kuliko wanawake wote wa Munkunyu, ananiangalia na kijiko mkononi, "Nani anafaidika na kauli hiyo, Babu, na bibi hayupo kuisikia?"

Sitakudanganya, nilianza kupenda. Siku moja nilitabiri bei ya maharage nikaiandika pembeni ya gazeti, nikakosea, nikakaa dukani peke yangu natafuta nimekosea wapi, mtu mzima, na nikapata. Nilifurahi kama mtoto aliyepata jino jipya.

Sasa nisikilize vizuri. Sisi wanunuzi wa kahawa kwenye ile njia tuko watatu, mimi, Fred, na Jean-de-Dieu wa Butembo. Kila siku ya soko, kabla ya kufungua, tunakunywa chai kwenye kibanda cha mama Rusi. Ni desturi, tulianza zamani. Kwa Rusi hakuna anayetaja bei, mdomo haufunguki kwa jambo hilo hata siku moja. Vijiko vya chai viko kwenye kopo katikati ya meza. Anayekaa karibu na mlango anavitoa na kuvilaza mezani, kimoja kimoja, na kila kijiko tunajua maana yake. Wengine tukiona vinatosha, tunachukua vya kwetu tunakoroga. Tukishakoroga, imekwisha, kila mtu anakwenda kufungua duka lake, na mtu wa Bugoye aliyeshusha gunia mlimani tangu alfajiri akitoka kwangu kwenda kwa Fred, akitoka kwa Fred kwenda kwa Jean-de-Dieu, anakuta bei moja, anarudi kwangu kwa sababu mimi nina mzaha. Jolly nilikuwa naenda naye pale akiwa mdogo, anakaa kwenye goti langu, anakunywa maziwa.

Mwezi wa tano siku ya soko mwalimu Yvette akaja na darasa lote, watoto ishirini na wawili, wakasimama mbele ya maduka yetu na madaftari. Binti mmoja anaitwa Asmah akaanza na adabu zake, "Mzee, jana tumeandika kwamba bei zenu zitapishana, kwa sababu mko watatu na kila mmoja anaitaka kahawa. Mbona iko moja?"

Nikamwambia, "Mungu ameniotesha."

"Na mzee Fred?"

"Mungu si ni yule yule?"

Wakulima walicheka, na mwalimu pia alicheka, na ningeponea hapo. Ndipo Jolly akasema, polepole kabisa, hakuwa anashindana, alikuwa kama mtu anayeokota kitu chini, "Babu. Vile vijiko vya kwa mama Rusi."

"Vijiko gani?"

"Nilipokuwa mdogo niligusa kimoja kabla Jean-de-Dieu hajakoroga. Ulinichapa mkono. Vile vijiko ndiyo bei?"

Mama Medius, mimi nimekosa jibu mara mbili maishani, mara ya kwanza ni nilipoulizwa kanisani kama namkubali mke wangu, kwa sababu nilikuwa nimesinzia. Hii ndiyo ya pili. Kulikuwa na mama mmoja wa Bugoye, gunia lake nilikuwa nimeshalifungua, mkono wangu uko ndani ya kahawa yake. Alinitoa mkono, akafunga mdomo wa gunia, akaita boda. Hakunitukana. Wengine wanne wakamfuata. Mwalimu akasema, "Turudi, mmepata cha kuandika," na Jolly alikuwa tayari anaandika.

Mchana ule ule Jean-de-Dieu akaja, hata hakukaa. "Mzee, ule mwalimu iko naharibu batoto. Na mujukuu yako ndiye wa kwanza. Weye uko mu komite, fanya kitu." Fred, aliyekuja nyuma yake, akasema afadhali nifanye haraka.

Nikafanya. Kulikuwa na mkutano wa wazazi mwisho wa muhula, mwalimu mkuu Aloysius alikuwa ana wasiwasi wake wa mitihani, na wazazi walikuja wamekasirika tayari, kwa sababu sisi huku, Mama, muhula ukiisha mzazi anafungua daftari la mtoto, kusoma hawezi au hana muda, anaangalia limejaa kiasi gani, likijaa anasema karo yangu imefanya kazi. Madaftari ya wanafunzi wa Yvette yalikuwa meupe. Ukurasa mmoja kwa wiki, utajaza nini? Mimi nikaja na mizani ya baba. Nikaiweka mezani mbele ya watu wote. Sahani hii nikaweka kauntabuku, lile daftari nene, la mwanafunzi wa zamani, la yule mwalimu wa notsi, na sahani hii nikaweka daftari la Jolly, nililolichukua chumbani kwake bila kumwomba. Sahani ya notsi ikagonga meza, ta! Ya Jolly ikaruka, daftari likateleza likaanguka sakafuni. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Fred akapiga kelele, "Huyo mwalimu hana hata nusu kilo!"

Yvette aliinama, akaliokota, akalipangusa vumbi. Akaniuliza, "Mzee, umesoma hata ukurasa mmoja kabla ya kulipima?"

Nikamjibu, "Binti yangu, hata kahawa siionji, naipima tu."

Ilikuwa mzaha. Wakacheka zaidi. Akageukia wazazi akasema, "Naomba mtu mmoja tu amuulize mzee kwa nini leo amekuja na mizani." Hakuna aliyeuliza. Hata mmoja. Mimi nilikuwa naangalia mawe ya mizani, nayapanga, maana daftari lilipoanguka lilikuwa limefunguka, na nilikuwa nimeuona ukurasa, ulikuwa ule wa vijiko, kila neno kweli, na kwa hiyo nilijua yule mwalimu hana kosa, nikaendelea kupanga mawe, mikono ikainuliwa kwamba aondoke, Aloysius akahesabu, akasema mwalimu akae pembeni mpaka kamati iandike barua ya mwisho ya kumwachisha kazi. Ilikuwa mzaha tu, Mama, mtu hawezi kufukuzwa kwa mzaha, wazazi walikuwa wameshakasirika kabla yangu.

Sasa amewekwa mwingine anaitwa David, kijana safi, ana notsi kwenye simu, anazisoma, watoto wanaandika. Yvette yuko sokoni na mama yake, anamimina mawese kwenye chupa, uso kwa uso na duka langu. Angenitukana ningejua la kufanya, nina matusi ya kutosha kumjibu. Ananisalimia. Kila asubuhi, "Umeamkaje, mzee," na mama yake Mbambu anapangusa madumu. Watoto wawili watatu wanapita kwake wakitoka shule, wanasimama kati ya madumu na madaftari yao, wanabishana.

Jolly hapiti. Jolly hanibishii tena. Nasema mvua itanyesha, anasema, "Ndiyo, Babu." Nasema bibi yako alikuwa mzuri, "Ndiyo, Babu." Wiki iliyopita akaja dukani, wakulima wapo, akaweka kauntabuku lake jipya kwenye sahani ya baba, na upande wa pili akaweka jiwe la kilo. Akasubiri zikae sawa. Akasema, "Imefika kilo, Babu. Umefurahi?" Akachukua daftari lake akaenda.

Jumamosi ijayo kamati inakaa kuandika ile barua, na inataka sahihi yangu, bila mwakilishi wa wazazi haiendi. Nikikataa wataniuliza sababu, na sababu iko kwenye kopo la vijiko. Jean-de-Dieu amesema nikifungua mdomo nisije tena kwenye chai, na kahawa yangu haitapanda tena lori lao la Kasese, na kwa umri wangu nitaanza kutafuta lori jingine wapi? Nikisaini, nitaishi nyumba moja na ile Ndiyo Babu. Je, nisaini, nisisaini, au siku hiyo niugue malaria? Malaria naijua vizuri, naweza hata kutetemeka. Nijibu kabla ya Jumamosi, na ukinitukana, wasikilize wengine, mimi nitazima redio.

Ni mimi, mwenye mizani, Bwera.

*

Mzee wa mizani,

Usizime redio. Na kwa kuwa nakujua sasa, nimeomba jibu hili lichapishwe pia gazetini, ili ukizima huku ulikute kule, gazeti likiwa limefungia sukari yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini. Mara ya pili nilikasirika, kwa sababu niligundua kwamba wazazi wale walicheka hivyo hivyo, na mimi ningekuwa ukumbini ningeinua mkono pamoja nao. Ndiyo hatari yako, mzee. Wewe si mtu mbaya mwenye sura mbaya, huyo tungemwona anakuja. Wewe unachekesha.

Pole kwa ajili ya Jolly. Hiyo pole ni ya kweli, na ndiyo ya mwisho utakayopata katika ukurasa huu.

Umeandika mara mbili kwamba ilikuwa mzaha. Mtu anayefanya mzaha haingii chumbani kwa mtoto kuchukua daftari bila kumwomba. Habebi mizani ya marehemu baba yake mpaka shuleni, mawe mfukoni. Ulijipanga, mzee, kama mnavyojipanga kwa Rusi, na vijiko vyako siku ile vilikuwa vicheko vya watu. Uliwalazia mezani kimoja kimoja, ukasubiri wakoroge.

Na kuna watu uliowasahau. Umenieleza habari za Fred, za Jean-de-Dieu, za lori, za goti lako. Yule mama wa Bugoye umempa mistari michache, na hata hapo uliyemwonea huruma ni mkono wako uliotolewa kwenye gunia. Miaka thelathini na kitu, mzee! Watoto wangapi wa Bugoye na Munkunyu walikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu vijiko havikutosha? Hujui. Wala mimi sijui. Lakini wale watoto ishirini na wawili walikuwa wanaanza kujua namna ya kulitafuta jibu hilo, na hicho ndicho ulichokifukuza. Ukidhani umefukuza madaftari meupe, umejidanganya, na huo ni utani wako mwingine.

Mimi nilisoma uchumi kwa notsi. Niliweza kuimba maana ya ushindani bila kupumua, na nikapata alama nzuri mama yangu akachinja kuku. Kisha nikafungua duka la vitambaa pale Rukoki, likafa kabla ya mwaka, na sikujua lilikufa kwa nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kunifundisha kuandika nimekosea wapi. Ningempata Yvette nikiwa na miaka kumi na saba, leo hii labda ungekuwa unamwandikia mshauri mwingine.

Naye simsafishi. Yvette alikosea, na akisoma hapa asikie. Mtoto haletwi sokoni kumhoji babu yake mbele ya watu bila babu kuambiwa. Angeweza kukuita darasani kwanza, ukae kwenye kiti, watoto wakuulize, nawe upate nafasi ya kujibu kama mtu mzima. Tena mwalimu akiwafundisha watoto kwa namna ambayo wazazi hawajawahi kuiona, wazazi nao wafundishwe. Angewaita siku moja, mtoto mmoja mmoja asimame asome ukurasa wake kwa sauti, mbele ya baba yake asiyejua kusoma. Baba huyo angesikia akili ya mwanawe, na asingehitaji mizani. Hilo alisahau. Lakini kosa lake ni la mwalimu kijana mwenye haraka, atalirekebisha. Lako ni la mzee aliyejua.

Sasa sikiliza, maana Jumamosi haiko mbali.

Husaini. Wala huugui. Ukitetemeka siku hiyo, utetemeke umesimama.

Kabla ya hapo, kesho asubuhi, Yvette akikusalimia, usiitikie kutoka dukani kwako. Vuka njia. Ni hatua ngapi, kumi? Simama kati ya madumu, mama yake akiwepo, umwambie ulichokiona sakafuni siku ile daftari lilipofunguka. Usipeleke sukari, usipeleke kilo ya nyama, na hasa usipeleke mzaha. Ukiona mzaha unakuja mdomoni, umeze. Mama Mbambu akikumwagia mawese, utanuka mawese, basi. Usimwombe akusamehe pale pale kwa sababu tu wewe umepata nafasi ya kuja. Mwambie, urudi kazini.

Kwenye kamati, mwambie mwalimu mkuu Aloysius kwamba jambo lililofanywa mbele ya wazazi wote haliwezi kutenguliwa na wanakamati wachache kwenye chumba kilichofungwa. Aite mkutano, na watoto wa darasa lile wawepo. Akisema haiwezekani, mwambie bila sahihi yako barua haiendi, ni wewe umeniandikia hivyo. Mkutano ukiitwa, njoo na mizani ile ile. Weka mezani pale pale. Halafu mwombe Jolly, umwombe, si umwamuru, kama atakubali kuusoma ukurasa wa vijiko kwa sauti. Akikataa, ana haki, ulimwibia daftari. Usome wewe. Darasa la tano linatosha kusoma ukurasa mmoja.

Fred na Jean-de-Dieu watakutenga. Sitakudanganya kwamba watakuelewa. Kwenye chai hutakaa tena, na lori utalitafuta ukiwa na miaka sabini na tatu. Lakini wewe mwenyewe umesema mtu wa Bugoye anarudi kwako kwa sababu ya mzaha wako. Mpe na bei uone atarudi mara ngapi. Siwezi kukuahidi kitu. Nabahatisha, na kwa darasa la Yvette ningepewa alama kidogo.

Na siwezi kukuahidi kwamba mwalimu atarudi. Wazazi wanaweza kuinua mikono tena vile vile, maana umewafundisha vizuri. Jolly anaweza kuendelea na Ndiyo Babu mpaka amalize shule aondoke. Ukifanya haya ili mtoto akuchekee, usifanye, utakuwa unanunua tena. Fanya kwa sababu ni wewe uliyeangusha lile daftari na hujaliokota. Aliyeinama ni mwingine.

Jambo la mwisho. Barua yako ina kurasa sita, pande zote mbili, na hapa ofisini hatuna mizani. Kwa hiyo nilifanya kwa kalamu. Nilikata habari za nywele, nikakata za kanisani, nikakata malaria, marehemu mke wako nikamwacha apumzike, nikakata mzaha wa kwanza na wa pili. Ilipokwisha, ilibaki sentensi moja, uliyoificha katikati ya mawe ya mizani ukidhani sitaiona: *nilijua yule mwalimu hana kosa.*

Anza na hiyo, mbele ya wazazi. Ukishaisema, rudi kwenye kiti, na watoto wakiinua mikono kukuuliza ulijuaje, uwajibu mpaka wa mwisho.

Mama Medius